Nje ya Uzio

Pemba, Paquitequete
4 Agosti 2019

Shangazi Awa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kuhamishiwa kijiji kipya ili kupisha mradi wa gesi hakukukuchosha sana. Sisi hapa wazima. Uvimbe wa mguu wa baba unapungua, ila daktari amemkataza chumvi, na sasa kila sahani ikiwekwa mbele yake anasema imepikwa na mtu asiyempenda. Mama anakusalimu. Laila amejifungua mtoto wa kike. Yeye na mumewe bado wanavutana juu ya jina. Mabati ya jikoni yaliyochukuliwa na kimbunga tumeyarudisha wiki hii, yale yaliyopatikana.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao wa huko unakatika tukiwa bado kwenye salamu. Barabara ya Palma siku hizi, kwa mashambulizi haya, hakuna anayeithubutu bila sababu kubwa, kwa hiyo barua nampa Buanali, mwenye boti ya bidhaa. Nawe ukijibu umpe yeye.

Sasa nililonalo. Nimepata kazi, shangazi. Kampuni moja ya ujenzi, katika zile zinazojenga barabara na mabohari ndani ya eneo la gesi huko kwenu, imeniajiri kwenye ofisi yake ya hapa Pemba. Wana programu ya simu ya kuandikia matukio ya mazingira. Dizeli ikimwagika, mikoko ikikatwa bila ruhusa, takataka zikitupwa mtaroni, mlinzi au dereva anafungua simu, anapiga picha, anaeleza alichoona, anatuma. Programu wameinunua ng'ambo, na maelezo yaliyokuja nayo hakuna mtu wa huku anayeweza kuyafuata. Kazi yangu ni kuandika mwongozo wake kwa Kireno na kwa Kiswahili. Mkuu wangu ni injinia Hélio, mtu wa Maputo. Ni mpole, anavaa tai hata joto likichemka, na kwa Kiswahili hajui hata kusema karibu.

Nakuomba msaada. Wewe uliyefundisha kina mama kisomo miaka yote ile unajua ni neno gani mtu analisoma bila kukwama. Niandike "tukio" au niandike "ajali"? Na ule mng'ao wa rangirangi mafuta yakielea juu ya maji, huko mnauitaje?

Jambo la furaha: simu za majaribio zilishagawiwa kwa walinzi wachache, na kwenye majina nimemwona Cassamo wako. Mwambie binamu yake ndiye atakayekuja kuwafundisha wote mwezi wa Oktoba. Nitalala kwako. Nataka samaki wa nazi, na nataka kuiona hiyo nyumba.

Mwanao,
Zuleica


Quitunda
29 Agosti 2019

Mwanangu Zuleica,

Marahaba, mama. Barua yako imefika ikinuka dagaa. Injini ya Buanali ilimfia Mocímboa, akakaa huko akingoja kipuri. Mpe baba yako pole ya mguu, na umwambie dada yake amesema ale asichokipenda. Mtoto wa Laila Mungu amkuze. Jina litapatikana, watoto wote wana majina.

Mimi nimehama salama. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Kuta ni za matofali ya saruji na mlango una kitasa. Lakini jirani akikohoa simsikii, nami nilizoea kujua nani kaamka na nani anaumwa kabla sijatoka kitandani. Pwani imekuwa mbali. Tukitaka kwenda kuokota chaza tunangoja gari, na gari linakuja kwa saa yake, si kwa saa ya maji kupwa.

Umeniuliza maneno. "Ajali" usiitumie. Mtu akisoma ajali anajua hakuna aliyekosea, ni Mungu tu. "Tukio" ni neno la redio, lakini linabeba lolote, liache. Huo mng'ao tunauita utando. Andika "maji yana utando", kila mtu hapa ataelewa.

Cassamo hajambo. Kizibao chake cha kung'aa anakivaa hadi msikitini, imamu amemwomba akivue kwa sababu waliosimama nyuma yake hawatulii. Yuko ulinzi wa matangi ya dizeli. Kuhusu hiyo simu hasemi sana. Nikimuuliza ananiambia bado hajaijua vizuri. Tumwache, atakuuliza mwenyewe ukija.

Rosita anakusalimu. Huyu ni jirani yangu mpya, Mmakonde wa Mueda, mumewe fundi seremala, na wana binti mdogo. Ni mtu wa kazi sana. Kiswahili anakisema kama sisi, kukisoma hawezi, na Kireno hivyo hivyo. Machamba yake ya mboga yamepakana na uzio wa mradi, kando ya kile kijito kinachotoka ndani. Mchicha wake umegeuka manjano kuanzia upande wa maji. Anasema ni wadudu. Mimi sijui.

Niambie jambo moja, wewe uliye ofisini. Mlinzi akishatuma, yale maneno yanakwenda wapi? Nani anayasoma?

Shangazi yako,
Awa


Pemba
22 Septemba 2019

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua na kwa maneno. "Utando" limeshaingia ukurasa wa sita. Injinia Hélio aliniuliza maana yake, nikamweleza, akaliandika kwenye daftari lake kama mtu aliyepewa zawadi. Baba anatembea hadi kibarazani sasa. Mtoto wa Laila ameitwa Zainabo, jina la bibi mzaa baba, na Laila amekubali kwa mdomo tu.

Umeuliza maneno yanakwenda wapi. Yanatoka kwenye simu ya mlinzi yanakuja hapa ofisini. Mwisho wa mwezi tunafanya taarifa moja inayokwenda kwa wenye mradi, na wao wanawapa watu wa mazingira wa serikali. Kisichoingia kwenye programu hakimo kwenye taarifa. Na kisichokuwa kwenye taarifa, kwa watu wa juu, hakijatokea.

Ndiyo maana kuna jambo linaninyima raha. Kuandika mwongozo ni kubonyeza kila mahali ambapo mtu mwingine hatabonyeza, ili ujue kitakachotokea. Wiki iliyopita nilijifanya mlinzi aliyesimama upande wa nje wa uzio. Nikajaza kila kitu, nikaweka picha, nikabonyeza tuma. Simu ikajibu: "Nje ya eneo la mradi." Chini yake pana kitufe kimoja tu, cha kukubali. Nikakubali. Picha na maneno yote vikatoweka kwenye simu, kana kwamba sikuandika kitu.

Nilimpelekea Hélio. Alisema programu si yetu, tumeinunua hivyo, na mimi niandike inavyofanya kazi, si ningependa ifanyeje. Sidhani ni mtu mbaya. Nadhani amechoka.

Lakini kwenye Kiswahili nimeongeza kifungu ambacho kwenye Kireno hakimo. Nimeandika hivi: "Simu ikikukatalia kwa sababu uko nje ya uzio, usiache. Rudi mpaka kwenye uzio, simama upande wa ndani, andika upya. Kwenye maelezo sema ulichokiona na mahali ulipokiona." Mwongozo umeshapitishwa na kuchapwa.

Kuhusu Rosita, mwambie asitumie maji ya kijito kwa sasa. Asinywe, wala mtoto asioge. Achote ya bomba hata kama foleni ni ndefu. Usiniulize zaidi, shangazi, ni tahadhari tu.

Zuleica


Quitunda
20 Oktoba 2019

Zuleica,

Sisi wazima.

Nimesikia ulikuja. Cassamo alirudi kutoka kazini jioni akasema, "Dada alifika, ametufundisha siku mbili, anafundisha vizuri." Nikamuuliza dada gani. Akainama kuvua viatu.

Nilikuwa nimeshanunua samaki. Nilikuwa nimesafisha chumba cha pili na kuazima neti kwa Rosita. Kutoka lango la kambi hadi mlangoni kwangu mzee mwenye fimbo anafika. Watu wameniuliza kama mwanangu wa Pemba ananionea haya kwa sababu nimehamishwa. Nimewajibu kwamba kazi za kampuni zina taratibu zake. Sijui kama nimewadanganya.

Na kuna la pili. Uliniandikia Rosita asinywe maji ya kijito. Mimi sikukuandikia kwamba maji yana ubaya. Nilikuandikia mchicha. Sasa wewe, uliyekaa Pemba, umejuaje kwamba ni maji?

Nilimwambia, ila barua yako ilichelewa, na alitaka kujua nani kasema. Nikamwambia ni mtu tu. Akanitazama. Binti yake, Natália, ana vipele miguuni hadi juu ya magoti, vinatoa maji, usiku analia. Mbuzi wao mmoja amekufa. Wiki hii tumekwenda wanawake kadhaa langoni na chupa ya maji ya kijito. Kwenye mwanga utando unauona wazi. Kijana wa ofisini akatutokea kwa adabu sana. Akafungua kompyuta yake mbele yetu, akasema, "Kwenye mfumo hakuna tukio lolote la upande huo." Akatuonyesha. Kweli palikuwa peupe.

Rosita akaniuliza njiani, "Huyo mwanao si ndiye anayeandika hayo?" Nikaongeza mwendo.

Awa


Pemba
3 Novemba 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo, na naomba uipokee hata kama hutaki. Salamu za nyumbani nitazifupisha. Baba hajui nililokufanyia. Angejua asingesema nami.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Nilipoanza kazi nilipewa faili la mifano. Kwa mlinzi kilichokataliwa kinapotea, lakini hapa ofisini kinabaki, kwenye faili linaloitwa "makosa ya watumiaji". Hélio alinipa nichague mifano ya makosa ili niwafundishe watu wasiyarudie. Nikachagua picha moja ya mwezi wa Julai. Inaonyesha mtaro, dizeli imejaa ndani yake inatiririka, na nyuma kuna mapaa mapya ya bati yaliyopangana. Nikaiweka ukurasa wa kumi na nane. Chini yake nikaandika: "Kosa: mtumiaji alisimama nje ya eneo." Sikujua ni wapi. Nilikuwa naangalia programu, sikuangalia picha.

Ulipoandika habari ya mchicha wa Rosita nilirudi kwenye ile picha. Yale mapaa. Nikawaza, hapana, hii itakuwa kwingine. Ndipo nikakuandikia habari ya maji, nusu nusu.

Kisha nikaja kufundisha. Asubuhi ya kwanza walitupitisha kwenye matangi ya dizeli. Nikaangalia upande wa pili wa uzio nikaona mtaro ule ule, na kijito, na mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kapulana amebeba mtoto mgongoni, anang'oa kitu shambani. Mapaa nyuma yake ni ya kwenu. Nilijua ni Rosita, ingawa sijawahi kumwona.

Nimetia saini karatasi kwamba siri za kampuni sitazitoa. Ningekuja kwako ningekula samaki wako nikiwa nimenyamaza, na wewe ungeniona usoni. Au ningesema, na kesho yake mngekuwa langoni mkitaja jina langu. Niliogopa yote mawili. Jioni nilimwambia dereva naumwa kichwa, nikalala kambini.

Wenzetu wawili hapa wamemaliza mikataba yao hawakuongezewa. Wangu unaisha Desemba. Mshahara huu ndio unaonunua dawa za baba. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili ujue ninachokiogopa.

Cassamo analinda pale pale kwenye matangi. Je, hajawahi kukuambia lolote?

Zuleica


Quitunda
24 Novemba 2019

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeichoma. Mwambie baba yako namkumbuka.

Umeuliza kama Cassamo hajawahi kuniambia. Aliniambia. Aliniambia mwezi wa Julai.

Ile picha ya ukurasa wa kumi na nane aliipiga yeye. Mpira wa dizeli ulipasuka yuko zamu. Aliita mafundi wakaufunga, kisha akatoka kufuata mtaro aone mafuta yanaishia wapi. Akapiga picha akiwa kijitoni, simu ikamkatalia. Akadhani ameibonyeza vibaya. Msimamizi wake akamwambia aache, walishafunga. Alikuja nyumbani hana raha, akaniambia, "Mama, nimepewa simu nimeshindwa kuitumia." Mimi nikamwambia anyamaze, asije akaonekana mjinga akapoteza kazi. Kazi aliyoipata baada ya kuingoja miaka miwili. Nikamwambia mvua zitasafisha.

Kwa hiyo nilipokuuliza umejuaje, mimi mwenyewe nilikuwa najua. Rosita ananiletea muhogo kila Ijumaa, na mimi najua. Haya nayo yachome.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Ulipofundisha ulifika ule ukurasa, na yeye akaiona picha yake imeandikwa kosa. Hakukuambia kwa sababu mlikuwa wengi. Lakini usiku alikaa na mwongozo wako akausoma wote, akafika kwenye kile kifungu chako. Katikati ya mwezi huu mpira ulivuja tena, safari hii kidogo. Akafuata mtaro, akaangalia, akarudi hadi kwenye uzio kama ulivyoandika, akasimama ndani, akapiga picha kupitia nyavu. Akaandika dizeli imeingia kijitoni, mara ya pili, mara ya kwanza ilikuwa Julai, na watu wanatumia maji hayo. Akatuma. Simu ikapokea.

Siku iliyofuata walifika watu watatu kwa ndege, na huyo mkuu wako mwenye tai. Walimweka chumbani wakamuuliza nani kamtuma aandike habari za nje ya uzio. Akasema, "Mwongozo." Wakamwambia awaonyeshe. Akawafungulia ukurasa. Hakuna aliyeweza kuusoma, wakamwita mpishi awatafsirie. Mpishi akasoma hadi mwisho, akasema, "Yuko sawa, ndivyo imeandikwa."

Wamechukua kizibao chake. Wamemwambia akae nyumbani hadi atakapoitwa. Hakutaja jina lako, ingawa liko kwenye jalada na kila mtu analiona. Anashinda uani anatengeneza kiti ambacho hakijavunjika.

Sikuambii ufanye nini. Nimeshamwambia mtu mmoja anyamaze mwaka huu, na umeona.

Awa


Pemba
10 Desemba 2019

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima. Baba nimemweleza yote, kwa sababu angeyasikia kwa watu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba chai, akasema ningepita kwako hata kwa dakika ya kusalimia. La kampuni hakulisema kabisa.

Nakueleza yaliyonipata ili uyajue kutoka kwangu.

Aliporudi kutoka huko, Hélio aliniita na kufunga mlango. Alikuwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni mkataba mpya, miaka miwili, mshahara umepanda. Ya pili ilikuwa barua fupi kwa jina langu, imeshaandikwa, inasubiri saini. Inasema kile kifungu cha Kiswahili kilikuwa kosa la tafsiri. Kwamba nilikusudia kusema mtu aliye nje ya uzio asiandike kitu. Na kwamba mlinzi amekielewa vibaya.

Nikamuuliza, nikitia saini, Cassamo inakuwaje? Akasema mlinzi aliyeelewa vibaya anaweza kusamehewa, anaweza hata kurudishwa. Lakini alichotuma kitafutwa, kwa kuwa kilitumwa kwa makosa.

Nikasema, "Mimi sikukosea tafsiri, injinia. Nilisema nilichotaka kusema."

Akanijibu, "Najua. Nilimwomba yule mpishi anisomee mara mbili." Akavua tai, mara ya kwanza namwona bila tai, akaikunja. Kisha akasema, "Una hadi Ijumaa. Toleo jipya la mwongozo lazima litoke Ijumaa, kwa lugha zote mbili. Wewe ndiye unalitoa, mimi nalipitisha."

Sikutia saini. Niliketi siku zile nikaandika toleo jipya. Kifungu cha Kiswahili nilikiacha kilivyo. Nikakitafsiri kwa Kireno, neno kwa neno, kikaingia huko pia. Ukurasa wa kumi na nane nilifuta neno "kosa". Mwisho nikaongeza ukurasa mpya wenye kichwa "Mambo ambayo programu hii haiwezi". Nikaandika kwamba inakataa tukio lolote lililovuka uzio. Kwamba kilichokataliwa hakiingii kwenye taarifa ya mwezi. Kwamba yaliyokataliwa yote yamo kwenye faili la makosa ya watumiaji. Na faili hilo linafunguliwa vipi, hatua kwa hatua. Sikumlaumu mtu. Sikutaja dizeli wala kijito wala Quitunda. Nimeeleza chombo kinavyofanya kazi, kama nilivyoajiriwa nifanye.

Ijumaa nilimpelekea. Alisoma ukurasa wa mwisho, akarudi akausoma tena. Mwongozo ukipitishwa unakwenda kwa kila aliye kwenye orodha, na wenye mradi wamo. Nilisimama nikitegemea atauchana ukurasa. Akaniuliza, "Hatua ya nne umeijaribu? Faili linafunguka?" Nikasema linafunguka. Akapitisha, akachukua koti lake akatoka. Tangu siku hiyo tukikutana ananiamkia, basi.

Mkataba wangu haukuongezwa. Kitambulisho cha mlangoni nilikirudisha jana. Kuhusu Cassamo hakuna aliyenijibu. Nilitaka kukuahidi kitu, na sina.

Mwambie anisamehe ile picha. Rosita sijui nimwambie nini.

Zuleica


Quitunda
26 Januari 2020

Mwanangu Zuleica,

Marahaba, mara mia. Barua zako mbili nimezipata pamoja, hii ya Desemba na ile fupi ya mwaka mpya. Buanali hakusafiri wiki nyingi kwa sababu ya habari mbaya za kaskazini ya Mocímboa, nawe unazijua kuliko mimi. Nashukuru Mungu mguu wa baba yako umepona. Nimefurahi umepata vipindi vya kufundisha kompyuta shuleni, hata kama ni vichache.

Mapema mwezi huu walikuja watu tusiowajua, si wa kampuni ile, wakasema wametumwa na wenye mradi. Walichukua maji ya kijito kwenye chupa, wakachimba udongo wa mtaro wakauweka kwenye mifuko. Wakarudi na mashine. Mtaro wote umechimbwa na udongo umebebwa, matangi yamejengewa ukuta kwa chini, na maji safi yanaletwa kwa gari upande wa machamba hadi watakaposema kijito kinafaa. Hawajasema. Natália amepelekwa hospitali ya Palma. Ngozi yake inakauka, lakini miguu imebaki na mabaka, na hapendi tena kuvaa gauni fupi.

Cassamo hajaitwa. Walimlipa siku zake na kumpa barua ya shukrani yenye muhuri. Sasa anaendesha pikipiki ya abiria Palma, ya mtu. Kuhusu picha amecheka kidogo, amesema ukurasa ule alikuwa anaangalia dizeli, hakuangalia maneno. Sina hakika kama ni kweli, lakini amesema.

Kwa Rosita nilikwenda mwenyewe. Sikutaka ajue kwa mtu. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia mwanangu Cassamo aliona mwezi wa Julai, akaniambia, na mimi nikamfunga mdomo. Habari zako wewe nilimwambia pia. Akaendelea kutwanga hadi mahindi yakaisha kinuni. Akasema, "Agosti yote nilimwogesha pale." Akaanza kupepeta. Niliondoka, na Ijumaa muhogo haukuja, wala Ijumaa iliyofuata. Tukikutana bombani alikuwa anapisha.

Sasa wenye mradi wameamua kijiji nacho kipewe simu yenye ile programu, na mpaka wake umesogezwa, tunaambiwa, umevuka kijito na machamba yote. Tuliitwa mkutanoni tuchague wa kuishika. Wanaume wakamtaja mwanamume. Rosita akasimama nyuma kabisa, akasema, "Aliyemwogesha mtoto kwenye maji yale ni mimi. Nipeni mimi." Mtu mmoja akamuuliza ataisomaje. Akasema hilo ni lake. Akapewa.

Jana alasiri nilikuwa nachambua mchele, nikaona kivuli mlangoni. Hakubisha hodi. Aliingia akaketi mkekani, akaweka simu kati yetu, na juu yake mwongozo wako, toleo jipya. Nikamkaribisha chai, akatikisa kichwa. Akaufungua ukurasa wa kwanza akaugeuzia kwangu.

"Nisomee yote," akasema. "Safari hii usiruke."

Nikavaa miwani nikaanza.

Shangazi yako,
Awa